Maji Yaliyouzunguka Moyo wa Bilali

Nakivale,
kwa mkono wa duka la Hajji Muzafaru,
Mbarara.
19 Juni 1988

Dada yangu mpendwa Mwamini,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote hapo Uvira, na kwamba lile goti limepunguza maumivu. Zaina wa kaka yetu naye hajambo? Asante kwa kumlea kama mtoto wako wa kumzaa. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Tunafyatua matofali Kakiika, nje ya Mbarara, tangu alfajiri, na Jumamosi narudi Nakivale kupalilia mahindi.

Kaka yetu Bilali yuko hai. Hilo nalitanguliza ili usome mengine bila kutetemeka. Aliugua sana, bado hajapona, na kupona kwake sasa kunategemea pia neno lako.

Ile picha tuliyokutumia mwezi wa Machi, ukajibu kwamba Uganda imemnenepesha, ilitudanganya sote. Siku hizi hapa watu wanaogopa kukonda, kwa sababu ya ule ugonjwa wa UKIMWI, wanaouita silimu. Kwa hiyo Bilali alipojaa uso na tumbo, tulifurahi. Mwenzetu Sowedi alikuwa akimtania kwenye matofali, "Wewe Bilali, umekula ng'ombe wa nani?" Bilali alikuwa akicheka, kisha anakaa chini kutafuta pumzi. Mimi pia nilicheka. Najuta.

Mwezi wa Mei miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Akawa analala ameketi, amegemea gunia. Aliniambia, "Yahaya, ni kama mutu amenikalia mu kifua." Nikamwita mtu wa kuchanja, akamchanja na kumpaka dawa ya majani. Haikusaidia kitu, na tulipoteza wiki mbili.

Ndipo nikampeleka zahanati ya hapa kambini, pale Base Camp. Muuguzi mmoja, Topista, alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akatazama mishipa ya shingo ilivyosimama, akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema kwa Kiswahili chao cha huku, "Muzee, wewe hapana nona. Wewe iko najaa maji. Moyo yako nasikia mbali, kama mutu naita ng'ambo ya mto." Akatuandikia karatasi, tukapanda lori la mahindi mpaka hospitali ya Mbarara.

Huko walimpiga picha ya kifua. Daktari aliniita niione. Dada, moyo wa kaka yetu ulionekana mpana kama kibuyu. Akanieleza taratibu, maana aliona sielewi. Moyo unakaa ndani ya mfuko mwembamba. Mfuko huo ukijaa maji, moyo unabanwa, hauna nafasi ya kufunguka na kupokea damu, na damu inayokwama ndiyo inayovimbisha miguu na tumbo. Kinacholeta maji hayo kinaweza kuwa figo, au uvimbe mbaya, au jeraha, lakini huku mara nyingi ni kifua kikuu. Kile kikohozi cha Bilali cha mwaka jana, tulichosema ni vumbi la tanuri, ndicho kilichoanza.

Walimchoma sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua. Nilimshika mkono. Yakatoka maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa, yakajaza chupa mbili za soda na zaidi. Kabla hawajaichomoa sindano alivuta pumzi ndefu, akasema, "Sasa nimerudi."

Lakini maji kutoka siyo kupona. Anachomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, na vidonge atameza zaidi ya mwaka. Akiacha katikati, maji yanaweza kurudi, au ule mfuko ukakakamaa kama ngozi iliyoanikwa na kuubana moyo moja kwa moja. Nilimwuliza daktari kama anaweza kusafiri na dawa zake. Akakataa katakata.

Sasa nikwambie ubaya wangu. Barua yako ya kumwita Bilali kwenye ndoa ya Zaina katikati ya Julai imefika. Unajua kaka hasomi, mimi ndiye ninayemsomea. Nilikaa kando ya kitanda chake, nikasoma salamu, nikasoma habari za mihogo, nikairuka ndoa. Akaniuliza, "Ni hiyo tu?" Nikasema ni hiyo tu.

Angesikia, angetoroka wodini siku hiyohiyo. Miguu imepungua, anajiona mzima, na yeye ndiye walii wa kumwozesha binti yake. Lakini kumficha baba ndoa ya mtoto wake si haki yangu, na sipati usingizi.

Nakuomba uandike barua nyingine. Mwombe abaki amalize dawa, na ampe idhini baba mdogo Kitenge asimame badala yake, au mngojeni mpaka mwakani. Wewe ni mkubwa wetu, atakusikia. Mimi nitaungama kwake nilichofanya. Na kama utaandika kwamba lazima aje, nitamsomea hivyohivyo. Sitaruka neno tena.

Nisalimie baba mdogo Kitenge, shangazi Bitisho, na jirani zetu wote. Mungu akupe nguvu na akuhifadhie watoto.

Bilali anakusalimu sana. Ameniagiza nikuulize kama Zaina ameshapata mchumba. Nimeandika kama alivyosema.

Ndimi mdogo wako anayekupenda na kukuogopa,
Yahaya