Ukurasa wa Pili

Mabamba, Kibondo
9 Novemba 1997

Kwa dada yangu Kezia,

Amahoro? Kifua kimetulia? Shemeji je, na watoto? Sisi huku wazima, wifi yako Immakulata anakusalimu na anasema ule uzi wa kusuka aliouomba bado anausubiri. Mvua imetia wazimu. Daraja la kwanza limekwenda, la pili linatikisika.

Nakuletea makala ya jarida letu la mabwana mifugo, kurasa mbili, kwa mkono wa Abdalah wa lori la maharage. Ng'ombe sita wamekufa hapa ndani ya siku nane. Jioni mzima, asubuhi mzoga, damu puani. Nilidhani ndigana kali, halafu nikadhani homa ya mapafu. Tena nilikuwa nimeshanoa kisu cha kupasulia mzoga. Kitu kikanizuia, nikatoboa sikio tu, nikapaka damu kwenye kioo na kupeleka Kibondo kwa fundi wa maabara. Kwenye darubini, vijiti vimepangana kama mabehewa. Ni kimeta, dada! Kama ningempasua, vijidudu vingemwagika ardhini vikae humo miaka na miaka, na mimi nisingekuwa nakuandikia.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Unajua desturi yetu: ng'ombe wa mtu akifa, kila jirani huchukua kipande cha nyama na kumfuta machozi mwenye ng'ombe kwa kumlimia siku moja. Kukataa nyama ni kumkataa jirani. Nimetukanwa, nimeitwa mchoyo, hata mchawi. Mwisho nikawaambia: mfuteni machozi kwa jembe, njooni mzike ng'ombe kama mnavyozika mtu. Wamekuja, na tumewafukia wote sita kwa chokaa na miiba juu.

Yote hayo nimeandika. Kezia, usikate hata neno. Toleo lililopita ulikata makala ya watu ukaweka safari ya mkuu wako. Sisi tunaolala na kupe hatusomi jarida ili kujua mkuu alikula nini Mwanza.

Mdogo wako,
Fidele

*

Kasulu
14 Desemba 1997

Musaza wanje Fidele,

Kaka mkali, shikamoo kwa hasira zako! Barua ilifika imelowa lakini inasomeka. Kifua kimepoa, watoto wamefunga shule, na uzi wa Immakulata uko ndani ya kifurushi hiki, usiufungie mbuzi.

Makala yako ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapa. Nilimsomea shemeji yako, akaacha kula. Ile ya kuzika ng'ombe kwa majembe ilimtoa machozi.

Toleo limeshatoka, nakala sitini, mabwana mifugo wote wa wilaya zetu mbili wamepelekewa. Mkuu alitaka salamu zake za Krismasi ziingie, nusu ukurasa, na stensili za kudurufia zilibaki chache. Kwa hiyo makala yako nimeigawa. Ukurasa wa kwanza umetoka sasa, wa pili utatoka Machi. Nimekatia pale unaposema "nikadhani homa ya mapafu", ili wasomaji wabaki na hamu. Wameanza kuniuliza, "Ikawaje?" Rosa wa Muyama, uliyesoma naye chuo, ameshatuma salamu kwamba huwezi kuandika bila kumtesa mtu.

Sikukata hata neno. Ulivyotaka.

Krismasi njema.

Dada yako,
Kezia

*

Mabamba
2 Januari 1998

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima.

Nimelipata jarida jana. Nimelisoma nimesimama. Kezia, umefanya nini?

Umeweka dalili zote, umeweka ndigana, umeweka homa ya mapafu, halafu ukanyamaza. Neno kimeta halimo! Na chini yake umebandika nini? Ile fomu yenu ya kila toleo: "Vifo vya ghafla: pasua mzoga, angalia mapafu na wengu, jaza fomu, tuma Kasulu." Chini ya makala yangu! Jina langu juu, kisu chini!

Hamu? Unawapa hamu watu wanaotembea na visu? Hadithi ya watoto hii? Mtu ana mzoga uani leo, wewe unamwambia angoje Machi?

Chukua karatasi sasa hivi, andika mistari miwili: "Makala ya Mabamba ni kimeta. Mzoga usipasuliwe, hata na mtaalamu. Damu ya sikio inatosha." Wapelekee wote kwa mkono, kwa lori, kwa kanisa, kwa msikiti, kwa yeyote anayepita. Muyama ni nusu siku kwa baiskeli kutoka mezani kwako. Mimi ningekwenda mwenyewe lakini njia imekatika na bado ng'ombe wanakufa huku.

Usinijibu kwa barua. Nijibu kwa kufanya.

Fidele Ndayikunda
Bwana Mifugo, Mabamba

*

Kasulu
19 Januari 1998

Fidele,

Natumaini mu wazima. Mimi si mzima sana, nikikohoa natoa machozi, lakini hukuuliza.

Tangu lini mimi ni "Ndugu Mhariri"? Nilikuwa na miaka tisa tulipovuka mto Malagarasi tukikimbia, wewe una miwili, umefungwa mgongoni kwangu unanikojolea. Hukuniita mhariri siku ile. Umeandika maneno ambayo baba hajawahi kunitamkia.

Nimempelekea mkuu hiyo mistari yako. Amekataa. Anasema jarida halitoi masahihisho mahali pasipo kosa, kwani kila ulichoandika kimechapwa kama ulivyokiandika. Anasema tukitangaza kimeta nusunusu, mnada utafungwa na wilaya itamuuliza yeye. Ukurasa wa pili utatoka Machi kama ulivyopangwa.

Na mimi nakubaliana naye kwa jambo moja. Wasomaji wetu si watoto. Wamesoma. Kila bwana mifugo anajua kwamba ng'ombe akifa ghafla, damu puani, hagusi kisu. Hakuna aliyekufa, Fidele. Wewe umezoea kuona moto kwenye kila moshi.

Kama ulitaka kimeta kisomwe kwanza, ungekiandika kwanza.

Kezia

*

Kasulu
8 Februari 1998

Musaza wanje,

Sijui nikusalimuje. Naomba barua hii ikukute umekaa.

Rosa amefariki. Tulimzika Alhamisi.

Nakueleza kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio nitalia tena. Tarehe ishirini na sita alikufa dume la mzee mmoja Muyama. Rosa aliitwa. Alikuwa na jarida letu mkobani. Akapasua, akaangalia mapafu, akaangalia wengu. Mkono wake ulikuwa na mkwaruzo wa miiba. Akajaza fomu, akatuma na chupa ya kipande cha wengu, na mimi ndiye niliyefungua bahasha. Imejazwa vizuri, mwandiko wake ule wa chuo. Namba ya saba: "Wengu umevimba sana, mweusi. Damu haigandi." Nilipofika hapo nilijua ni kimeta. Niliacha kila kitu mezani, nikachukua baiskeli ya shemeji yako, nikaenda.

Nilimkuta ana kidonda cheusi kifundoni mwa mkono na homa ya kuweweseka. Nilipeleka penisilini ya kliniki yetu ya mifugo, tukamdunga. Daraja halipo, tukambeba kwa machela kuja hospitali. Hakufika. Karibu na mwisho aliniuliza kama sehemu ya pili imetoka.

Na nyama waliigawana. Waliniambia, "Mtaalamu mwenyewe amepasua, sisi tungekataaje?" Watu kumi na mmoja wamelazwa, watatu hali mbaya.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na mbili Januari. Nilikuwa na wiki mbili nzima. Najua kuhesabu, usinihesabie.

Nitukane, Fidele. Andika tu.

Dada yako,
Kezia

*

Kasulu
1 Machi 1998

Musaza wanje,

Wiki ya tatu hujajibu. Abdalah anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma mbele yake, ukaingia ndani ukafunga mlango. Basi nami nakuandikia mlango ukiwa umefungwa.

Mkuu ameandika taarifa itoke toleo la Machi: "Mtumishi wa Muyama alikiuka taratibu kwa uzembe wake." Akaniwekea mezani nichape. Nikamuuliza, "Utaratibu upi? Huu tuliomchapia sisi?" Akasema mimi ni mtu wa kupiga chapa, si wa kuuliza. Ee, Fidele, hasira iliyonipanda hapo ni ile yako ya Januari, ila imechelewa!

Jumamosi ofisi ilikuwa tupu. Nilikata stensili mwenyewe. Ukurasa wa mbele nimeweka kimeta kwa herufi kubwa, na maneno yako: mzoga usipasuliwe, damu ya sikio inatosha. Kisha ukurasa wako wa pili wote, majembe na chokaa na miiba. Ile fomu nimeitoa. Na pale palipokuwa na salamu za Krismasi, nusu ukurasa uleule, nimeandika: "Rosa Niyomwungere alifuata maelekezo ya jarida hili. Kosa ni la mhariri, aliyeombwa asahihishe akakataa." Chini nimeweka jina langu kamili. Nimedurufu nakala sitini na kuzipeleka stendi mwenyewe, kila moja mkononi mwa mtu ninayemjua. Muyama nimepeleka kwa baiskeli.

Jumatatu nilifukuzwa. Sikuombi unihurumie. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu uliooza si wangu.

Watatu wale wa hali mbaya, wawili wamepona. Mmoja hapana. Ni yule mzee mwenye dume.

Dada yako, kama bado,
Kezia

*

Mabamba
22 Machi 1998

Dada Kezia,

Natumaini kifua kinakupa nafuu. Safari hii nauliza kweli. Sisi wazima. Kimeta kimetulia tangu mwezi jana, na toleo lako limebandikwa mlangoni pa kanisa na pa duka la Mwanaheri, watu wanalisoma hadi karatasi imechakaa.

Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, nami nilichana barua nne. Bado nina hasira. Sitakudanganya kwamba imekwisha, haijaisha. Ukinikuta nimenyamaza mezani kwako miaka kumi ijayo, ujue ni hiyo.

Lakini neno lako moja lilinikaa kooni: "Ungekiandika kwanza." Nilikuchukia kwa neno hilo. Chuoni walitufundisha kuandika hivyo: dalili, dhana, vipimo, jibu. Nami nililipenda jibu langu, nikaliweka mwisho ili ling'ae. Hamu hiyo uliyowapa wasomaji, nilikuwa nimeipika mimi. Wewe ulipakua tu. Sasa nikiandika chochote, hata cheti cha chanjo, naanza na kile kinachoua.

Njia ilipofunguka nilikwenda Muyama. Mama yake Rosa, mama Vestina, alinipokea, akanipa uji, hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitolea mkoba wa Rosa. Kisu kimechomwa moto, lakini jarida lilikuwepo, lile la Desemba. Rosa alisoma na penseli, kama zamani. Amepiga mstari chini ya "damu puani". Pembeni ameandika "kimeta?" na alama ya kuuliza kubwa. Kumbe alijua, dada. Ulisema kweli, wasomaji wetu si watoto.

Halafu chini, kando ya fomu, ameandika tena. Nilisoma mara nyingi mpaka mama Vestina akaniomba nimrudishie. Ameandika: "Hapana. Namjua Fidele. Ingekuwa kimeta angetuambia."

Mdogo wako,
Fidele