Upande wa Mwezi

Chanzuru, Kilosa
12 Juni 1974

Dada Ida, shikamoo.

Tumeshahamia kijiji kipya, nyumba imeezekwa, na mahindi ya shamba la pamoja yamekomaa. Mke wangu Fausta hajambo, ila alikuwa haongei sana tangu tulipomzika mtoto wetu.

Mimi ndiye niliyeugua. Tumbo lilikuwa likiniwaka, usingizi sina, na shambani nikawa nagombana na kila mtu. Nikaenda Kilosa mjini kwa Mama Jyoti, mjane wa Kihindi anayetibu kwa dawa za kwao na yoga. Dawa hakunipa. Aliniambia nizibe tundu la pua la kulia, nivute pumzi kwa la kushoto.

"Kulia ni jua, nguvu ya kiume," akasema. "Kushoto ni mwezi, nguvu ya kike. Kila mtu anazo zote mbili, na lazima zilingane. Wewe mwezi wako umeuziba."

Dada, mwanaume mzima, nguvu ya kike ya nini? Hata hivyo nikawa nafanya kila asubuhi nyuma ya nyumba. Juzi machozi yakaanza kunitoka, nikashindwa kuyazuia. Fausta akanikuta. Kwa aibu nikataka kuondoka, akanishika mkono.

"Kumbe na wewe unamlilia?" akasema. "Nilidhani nimefiwa peke yangu."

Tukakaa pale pale chini, tukalia wote wawili.

Sasa nalala, naye anaongea. Lakini sielewi, Dada: nimepona, au nimeharibika? Baba hakulia hata Mama alipofariki. Au alilia, wewe ukamwona?

Tafadhali niambie.

Mdogo wako,
Timotheo