Mkutano Mkuu wa Siku ya Ishirini na Moja

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi nimeweka mayai mashineni. 1,056. Mashine zote mbili zimejaa, hakuna tundu lililobaki. Nimenawa mikono, nimekaa, nimejipongeza.

Saa sita mchana Ushirika wetu wa Umeme ukabandika tangazo kwenye mlango wa ofisi. Mkutano mkuu wa mwaka, Jumamosi tarehe 29. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Siku hiyo laini itazimwa kwa ajili ya matengenezo."

Leo ni tarehe 8. Yai la kuku linataka siku ishirini na moja. 8 na 21 ni 29.

Sheria nayo inadai taarifa ya siku ishirini na moja. Kwa hiyo mwenyekiti ametimiza sheria bila kuongeza hata siku moja. Mtu aliyewahi kuchelewa mazishi ya babake!

Jumapili, 9 Machi

Hasira haijapoa. Niiandike, labda itapungua uzito.

Mwaka jana mkutano uliangukia siku ya kumi na tisa ya mayai yangu. Walizima laini saa tano nzima. Watu wanadhani mayai hufa kwa baridi. Siku ya kumi na tisa kifaranga ndani ya yai ana joto lake mwenyewe. Feni ikisimama anachemka na kukosa hewa. Walitoka sabini na mmoja. Wengine nilizika kwa toroli, safari nne.

Jenereta? Ninayo. Imefungwa kwa waya na lakiri ya ofisi, imekaa stoo kama mfungwa. Masharti ya ushirika, kifungu cha kumi na nne: mwanachama hatazalisha umeme wake ndani ya eneo la ushirika. Nilipouliza kuhusu paneli za jua, mwenyekiti alisema nazo vilevile. Nikamwambia basi jua lenyewe lijaze fomu ya uanachama kabla halijachomoza. Hakucheka. Jina lake la mtaani ni Volti, na mtu wa namna hiyo hacheki kizembe.

Mume wangu anasema niache, mikutano ni mara moja kwa mwaka. Mita ya nyumba iko kwa jina lake, mita ya mashine kwa jina langu. Anaupenda mkutano kuliko mimi ninavyopenda usingizi. Hajawahi kukosa hata mmoja.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa afisa wa mrajisi wa vyama. Ana meza mbili na kiti kimoja. Nimeomba nakala ya sheria ya ushirika wa umeme vijijini na masharti yetu sisi. Akaniuliza mimi ni mwanasheria? Nikamjibu mimi ni mtotoleshaji wa vifaranga. Akanitazama kama mtu aliyeomba chumvi benki.

Kurasa sitini na mbili. Nimeanza kusoma nikiwa nimesimama.

Jumatano, 12 Machi

Jamani, ushirika una mamlaka! Sikujua tumejichagulia mfalme. Unaweza kukopa. Unaweza kushtaki na kushtakiwa. Unaweza kupitisha nyaya juu ya shamba lako na kukata mti wako ukigusa waya. Unaweza kuingia uani kwako kusoma mita, "kwa saa zinazofaa". Kila mwanachama kura moja, awe anaendesha mashine mbili kama mimi au balbu moja kama wifi yangu, ambaye tena huizima akipokea wageni.

Lakini ukurasa wa thelathini na moja! Ushirika hautakata huduma kwa mwanachama isipokuwa kwa deni, kwa hatari, au kwa matengenezo. Basi. Mambo matatu. Mkutano haumo.

Nimemfuata fundi wa nguzo, yule tunayemwita Ngedere kwa jinsi anavyopanda. Nikamuuliza: siku ya mkutano wa mwaka jana, ulitengeneza nini? Akafikiri. Akasema alitengeneza mguu wa benchi, kisha akasimama mlangoni na daftari la mahudhurio.

Nimemwomba anisainie hayo maneno. Amekumbuka ghafla ana nguzo ya kupanda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemkabili Volti ofisini kwake, sheria mkononi, kidole ukurasa wa thelathini na moja. Alisoma pole pole. Kisha akafanya nisichokitarajia. Alikubali.

Akasema ndiyo, Mama Vifaranga, si matengenezo, ni akidi. Tuko wanachama 214, sheria inataka nusu, yaani 107. Akafungua daftari la zamani akanionyesha mikutano minne ya kwanza: 31, 28, 40, 19. Wa tano, fyuzi ya transfoma ilikatika yenyewe saa nne asubuhi. Watu wakaja mbio ofisini kulalamika. Wa kwanza aliingia na rimoti mkononi. Volti akawaambia wasaini hapa kwanza, ndipo malalamiko yasikilizwe. Walipofika 132 akafungua mkutano.

Tangu hapo, miaka kumi na moja, hivyo ndivyo tunavyokutana. Umeme ukizimika, watu wanajua ni mkutano. Hakuna hata haja ya tangazo.

Halafu akanigeuzia daftari. Katika ule mkutano wa fyuzi ndipo ilipitishwa laini kubwa ya kuja kwangu. Saini yangu ipo, ya sitini na nne. Nilipiga makofi, nakumbuka.

Nikalifunga daftari.

Nikamwambia sawa, lakini hutazima. Nimeshaweka malalamiko kwa mrajisi kwa maandishi, na naleta hoja: marufuku kuzima laini siku ya mkutano. Akaiandika, ajenda ya saba, mwandiko mzuri kabisa. Akasema laini haitazimwa, ila hao watu 107 nimletee mimi mwenyewe. Kibali chetu cha eneo kinaisha tarehe 31. Mkutano usipotimia kabla ya hapo, eneo linarudi kwa shirika kubwa la umeme.

Shirika kubwa! Kijiji cha ng'ambo wako chini yao. Umeme saa tatu kwa siku, na hawasemi ni tatu zipi. Yai haliwezi kuishi hivyo. Mimi pia.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kumi. Nimemulika mayai yote kwa tochi. 94 matupu, nimeyatoa. Yamebaki 962, mishipa myekundu ndani kama ramani. Yanacheza.

Jumatatu, 24 Machi

Napita nyumba kwa nyumba. Nimefika 140. Walioahidi kuja: 131. Walioahidi huku wakitazama televisheni nyuma ya kichwa changu: 131.

Wifi yangu ndiye katibu wa ushirika. Amenijia jikoni, hakukaa. Anasema nimemwaibisha kaka yake, nimewaita watu wezi mbele ya mrajisi. Nikasema sikuandika wezi, niliandika ukurasa wa thelathini na moja. Akaniuliza lini nilisoma masharti kabla ya vifaranga wangu kufa. Nikampa chai. Akanywa yote, akaondoka na hasira zake.

Ijumaa, 28 Machi

Mayai yanalia! Ukiweka sikio kwenye mashine unasikia. Matatu yameshatoboka. Mume wangu amekubali kubaki nyumbani kesho, atie maji kwenye trei, atazame kipimo, asitoke kwa lolote. Imemuuma. Nimempa saa yangu ya mkononi.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika ukumbini, nyuma ya nakala ya sheria, kwa sababu nisipoandika nitamng'ata mtu.

Nilipotoka nyumbani saa tatu walikuwa wametoka 388. Wengine mdomo nje, mwili ndani. Ndiyo saa mbaya kuliko zote za kukosa feni.

Mkutano saa nne. Saa nne tulikuwa 35. Saa nne na nusu, 60. Saa tano, 88, na hapo pakaganda. Umeme unawaka vizuri ajabu. Feni ya ukumbi inazunguka kama inanisuta. Nje mitaa mitupu. Kumbe kuna mpira, unasikia nyumba nzima nzima zikishangilia.

Afisa wa mrajisi amekaa mbele na saa yake mezani. Ametangaza: akidi isipotimia kabla ya saa sita kamili, anaandika haukufanyika. Tunakosa 19.

Saa tano na dakika kumi. Volti amekuja kukaa kando yangu. Hakunisimanga, bora angenisimanga. Amesema Ngedere yuko kwenye nguzo tangu saa nne, kwa tahadhari tu. Lalamiko lililo kwa mrajisi ni moja, langu. Nikiliondoa, hakuna aliyelalamika.

Nikamuuliza afisa kama hiyo ni halali. Akafuta miwani yake. Akasema kwa kweli hapana, na kwamba anajisikia kwenda msalani, huenda akachelewa huko.

Nimepiga hesabu. Mwaka wa fyuzi watu 132 walifika ndani ya nusu saa. 19 ni dakika nne, tano. Milango ya mashine ikifunguliwa na mtu akapepea kwa ungo, vifaranga wanahimili dakika ishirini. Wengi wao. Bila kupepea, kumi.

Nimemwambia Volti dakika kumi na tano, kwa saa yangu. Nikakumbuka saa yangu nimempa mume. Kwa saa ya afisa, basi. Na hoja yangu iwe ya kwanza, si ya saba. Amekubali yote. Amenipa kalamu na karatasi ya kuliondoa lalamiko.

Nimepiga simu nyumbani kwanza. Inaita, haipokelewi. Tena. Haipokelewi. Bila shaka ameiacha chumbani, mikono imo kwenye trei za maji. Mara ya tatu. Saa tano na dakika ishirini na nane.

Nikapiga hesabu upya. Akiona feni imesimama atafungua milango mwenyewe, si mtoto. Miaka minane ananiona nikifanya.

Nimesaini. Mama Vifaranga mwenye ukurasa wa thelathini na moja, nimesaini.

Saa tano na dakika thelathini feni ya ukumbi ilisimama. Kimya. Halafu sauti kutoka nyumba zote kwa pamoja, kama ng'ombe mmoja mkubwa amekanyagwa.

Dakika mbili, wa kwanza. Dakika tatu, tisa. Wanaingia na viatu vya ndani, mmoja na povu la sabuni shavuni. Wanasaini bila kuuliza, wanakaa pale pale wanapokaa kila mwaka. Wifi yangu anahesabu kwa sauti. Mia moja. Mia na tatu. Mia na sita.

Mia na sita. Dakika nzima, mia na sita.

Kisha mlangoni akasimama mtu anahema, mikono inachuruzika maji. Mume wangu.

"Nimekuja kukwambia umeme umekatika," akasema.

Ukumbi mzima ulicheka. Wifi yangu pia alicheka, kwa mara ya kwanza mwezi huu, akamsukumia daftari. "Kaka, saini hapa."

Nikasema asisaini, arudi. Nadhani nilisema. Lakini mkono wake unajua njia, miaka kumi na moja. Afisa, ambaye sasa amemaliza haja zake, ameandika 107, amepiga mstari chini, ametangaza akidi imetimia na hakuna kutoka hadi ajenda ya kwanza ipigiwe kura. Akitoka mmoja, tumerudi 106.

Nimemuuliza mume wangu kwa kunong'ona: milango ya mashine umefungua? Anasema aliifunga vizuri kabisa, joto lisitoke.

Saa tano na dakika thelathini na saba. Ngedere bado yuko juu ya nguzo, anasubiri ishara ya Volti. Volti amesimama, amekohoa, amesema kabla ya hoja ya mama yetu ana maneno machache ya ufunguzi. Ameshika karatasi. Ni kumi na nne. Nimezihesabu kutoka hapa nilipokaa.