Wakfu Unaishia Kisimani

Jumatatu, mwezi 8 Shaabani 1325

Hamdu amemwacha Zuleikha. Talaka tatu kwa mpigo, mbele yangu, wali haujaiva! Mimi dada mtu nimebaki na mwiko mkononi. Zuleikha hakulia. Aliuliza mahari yake tu, ambayo hajalipwa tangu ndoa. Ndugu yangu akajibu hana kitu — shamba lote ni wakfu wa marehemu baba, haliuzwi wala haligawiwi.

Uongo. Wakfu unaishia kisimani. Minazi ya chini ya kisima baba alimpa Hamdu iwe mali yake. Waraka ninao mimi, sandukuni. Baba alinikabidhi kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kusoma, na Hamdu karatasi zake huliwa na mchwa.

Nikarudi kukoroga wali, waraka sikuutaja. Naona haya.

Ijumaa, mwezi 12

Zuleikha yumo humu humu, anakaa eda. Tunapika chungu kimoja. Leo kanambia, wifi, sitaki cha mtu, nataka haki yangu. Minazi ile ya chini kaimwagilia yeye, viangazi viwili, mtungi kichwani. Na mimi nilipougua ndui, ndiye aliyeniogesha. Hamdu hata mlangoni hakukanyaga.

Amemshitaki Hamdu kwa kadhi wa Chole, na kadhi ameleta barua: mwenye waraka wa wakfu aende nao Jumatano.

Jumapili, mwezi 14

Hamdu amekuja na maneno matamu. Dada, uchome huo waraka. Shamba likiwa wakfu lote, na wewe una fungu lako humo. Halafu akaniuliza, polepole: nyumba unayolala iko juu au chini ya kisima?

Chini. Najua ni chini! Mjane mimi, sina mtoto. Minazi ile ikienda kwa Zuleikha kulipia mahari, na nyumba inakwenda nayo. Nitahamia kwa nani?

Nimemkasirikia. Ila sikumwambia kwamba sitauchoma.

Jumatano, mwezi 17. Chole, nje kwa kadhi

Naandika kwa penseli, gotini. Hamdu ametangulia ndani, dirisha liko wazi, namsikia. Kadhi kamuuliza mara mbili kama kuna waraka. Wallahi hakuna, kasema, na msahafu mkononi.

Hamdu, ndugu yangu! Nilidhani utaogopa. Laiti ningeutoa juzi, nyumbani, sisi wawili — ungebaki na heshima yako. Sasa nikiutoa nakuumbua mbele ya Chole nzima. Nisipoutoa, Zuleikha anatoka kwetu na kanga zake tu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Nimeutoa kifuani. Zuleikha, niliyekuja naye, yuko kando yangu, kauona. Hajui kusoma. Ananiuliza, karatasi gani hiyo, wifi? Nimemwambia ni waraka wa baba, aushike, tunaitwa. Ameshika upande wake. Mkono wangu wa kushoto bado haujauachia