Kisiwa Namba Mbili

Jumamosi, 24 Aprili 1999
Moroni. Naandika Kiswahili nilichokulia Unguja. Soidri, mwenzangu wa chuo, hakisomi — afadhali. Tasnifu yetu ni moja: kaya mia tatu za hapa mjini, jina, mtaa, kisiwa cha asili. Ngazidja 1, Nzwani 2, Mwali 3. Hata kaya ya shangazi Moina, ninakokaa, nimeijaza mwenyewe: namba 214, kisiwa 2. Leo nimefungua SPSS, programu yetu ya takwimu — safu ya kisiwa yote ni 9! Yaani "haijulikani", tangu kaya ya kwanza hadi ya mwisho. Miezi minne ya kupiga hodi!

Virusi hivyo, anasema Soidri, hata hanitazami. Virusi gani vinavyochagua safu moja?

Jumapili, 25 Aprili
Mama kapiga simu toka Mutsamudu, kwetu Nzwani. Wakubwa wa kwetu wamekataa kutia saini mapatano ya visiwa kuungana tena, na huku tunalaumiwa sisi. Ati nirudi. Na mtihani? Sokoni Volo Volo muuza ndizi kaniuliza mimi wa kisiwa gani. Nikasema Mwali. Nimejionea aibu.

Jumatatu, 26 Aprili
Nimemnasa! Programu huweka kumbukumbu ya kila amri. Ijumaa, mtu kaandika: 1, 2, 3 zote ziwe 9. Na ufunguo wa chumba cha kompyuta anao Soidri. Mngazidja huyo anataka nianguke. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ila mimi si mjinga, nina nakala kwenye disketi. Nimempelekea Mwalimu Mikidache, msimamizi wetu. Kaipokea kwa mikono miwili. Umefanya vizuri sana, binti yangu, kasema.

Jumanne, 27 Aprili
Jirani yetu Mnzwani kavunjiwa duka. Soidri kanivuta pembeni, kanieleza yote. Alhamisi Mwalimu alimtaka ampe orodha ya nyumba zote za namba mbili, mtaa kwa mtaa. Hakusema ya nini. Ndiyo maana akafuta.

Mbona hukuniambia? Ungekwenda kumuuliza, kasema. Kweli, ningekwenda.

Nakala ipo? kauliza. Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka. Au ananichezea tena? Simwamini. Simwamini yeyote.

Jumatano, 28 Aprili
Nipo kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu. Nimekuja kuchukua disketi yangu. Ngoja kidogo, binti, karibu inamaliza — kasema, kafunga mlango. Printa inalia ndani. Wanaume wawili nisiowajua wamekaa nami, nao wanangoja.

Printa imenyamaza.

Mmoja ananitazama ninavyoandika. Kaniuliza kwa adabu: dada, wewe wa kisiwa gani?