Lundo Lililo Mbele ya Nyumba

Jumatatu, 3 Juni

Chai, kisha uma wa kupindulia. Lundo la mboji limeshuka tena. Majani ya parachichi, nyasi, magome ya migomba, samadi ya mbuzi. Nimechomoa kijiti kilichokaa katikati. Cha moto. Nimekiweka shavuni. Hakuna aliyewasha kitu humo. Kila mara nashangaa upya.

Consolata, mke wa mwanangu, amechoma majani yake upande wa pili wa uwanja. Hapa Kanazi nyumba yenye heshima ina uwanja mtupu.

Alhamisi, 6 Juni

Consolata kaja kwa adabu, macho chini. Jumamosi asubuhi Jumuiya ya kanisa inasali kwetu, na watu watapita kando ya lundo. Kaomba nilichome kesho. Nyuma ya nyumba ni mwamba, hakuna pa kulihamishia. Nimekubali.

Uchungu. Ng'ambo ya mto Ruvubu, nilikozaliwa, udongo wa shamba la baba ulikuwa mweusi hadi mkono ulipofika. Tulikimbia nikiwa mtoto. Kisha kambi, mashamba ya kuazima, kuhama tena. Malundo nimeanzisha mengi. Sikuwahi kukaa mahali hadi moja likawa udongo. Hili nilitaka kuliona.

Ijumaa, 7 Juni

Kiberiti mfukoni tangu asubuhi. Sikuweza. Nimemwambia Consolata. Kaleta turubai, kalifunika lundo, kaweka mawe pembeni. Ana aibu, na sababu ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Baridi, ukungu. Katikati ya rozari mvuke ukaanza kutoka chini ya turubai. Bibi Skolastika, jirani yetu, akadhani panaungua. Akachukua ndoo, akafunua, akamwaga maji. Mvuke ukapanda mweupe hadi usawa wa paa.

Akaingiza mkono, akautoa haraka.

"Mzee, umefuga nini humu?"

"Majani tu, mama."

"Majani gani yana homa?"

Wakacheka. Kisha wakaja mmoja mmoja kugusa, polepole, kama wanaomgusa mgonjwa. Consolata alikuwa wa mwisho. Mkono wake ulikawia.

"Kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba," akasema.

Rozari tuliimalizia tumesimama palepale, tumelizunguka.

Jumapili, 9 Juni

Consolata kafagia. Majani kayaleta kwenye lundo.

Jumamosi, 28 Septemba

Jana mvua ya kwanza. Leo nimefunua. Nimetafuta jani moja lenye umbo lake, sikulipata. Ni udongo. Mweusi, umepoa, unanukia kama kwa baba baada ya mvua. Nimechuchumaa hapo hadi magoti yakauma.

Consolata kachimba shimo karibu na dirisha langu. Kamimina karai zima la udongo huo, kapanda chipukizi la mgomba. Hakuniuliza kama nitakuwepo ukizaa.

Jioni sasa. Kucha zina udongo. Sijanawa.