Herufi ya Nane ya Kasomeno

Lubumbashi, Jumapili mchana

Mdogo wangu Josephine,

Kosa ambalo wengi hufanya wanapotaka kukata kipande cha maneno ndani ya base de données, ile orodha ya kompyuta, ni kuhesabu herufi, badala ya kutafuta alama inayotenganisha vipande. Nisamehe kuanza hivyo kabla ya kukujulia hali. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, nikakuachia wewe huko Lukafu, na Jumatano mtoto wetu Bernadette, mpwa wangu, anafanyiwa operesheni ya uzazi.

Sasa nikusalimu inavyostahili. Mama kikohozi kimemwachia? Na wewe, zamu za kituo cha afya hazijakuchosha? Mimi ni mzima. Chumba changu kiko karibu na hospitali, na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu.

Unazikumbuka kodi, zile alama za utambulisho, tulizowapa watu wetu wanaochangia damu: LUKAFU/A/0412, yaani mahali, kundi la damu, namba ya mtu. Nilipokuandikia requête, ile amri ya kuiuliza kompyuta, nilihesabu kwa kidole: herufi sita za Lukafu, kistari hiki /, kisha kundi. Nikaiambia kompyuta ichukue herufi ya nane, moja tu. Ikafanya kazi, nikajisifu. Nilipoitwa huku kutunza orodha ya hospitali, nikaja na amri ile ile. Ila orodha ya huku ina watu wa Sakania na Kasomeno pia.

Juzi alilazwa mama mmoja kutoka Sakania ili apasuliwe, wa kundi O, ambaye hawezi kupokea damu nyingine ila ya O. Jokofu la damu lilikuwa tupu. Niliiuliza orodha, ikanipa watu wa O tele, karibu wote wa Kasomeno. Nikafurahi. Tukapiga simu, watatu wakadandia lori la makala, yaani mkaa, wakaja.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mchangamfu. Muuguzi wa maabara alimpima, akakunja uso.

"Papa, weye iko B."

"Njo B, ndiyo!" mzee akajibu. "Tangu zamani niko B. Nani alinibatiza O?"

"Labda padri alikosea kitabu," mwenzake akasema, wakacheka wote.

Wa pili akawa A. Wa tatu naye A. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Nilirudi kwenye kompyuta, nikaandika jina Kasomeno kwenye karatasi na kulihesabu. Lina herufi nane, na ya nane ni O. Amri yangu haikuwa inasoma damu ya mtu, ilikuwa inasoma mwisho wa jina la kwao. Na Sakania? Herufi saba, kwa hiyo ya nane ni kistari. Watu wote wa Sakania hawakuwa na kundi lolote, na kila tulipotafuta damu hawakuonekana.

Nikatoka mbio hadi kwenye benchi la ndugu za wagonjwa. Mdogo wa yule mama alikuwa ameketi pale, mfuko wa nguo magotini.

"Weye ulishapana damu hapa?" nikamuuliza kama amewahi kuchangia.

"Mara tatu, papa. Niko O. Niko hapa tangu asubui, muntu hata moya hakuniuliza."

Damu yake ilipimwa, ikafaa. Dada yake alipasuliwa alasiri ile ile, na leo anakunywa uji. Kijana alikuja kunishukuru, nikaona haya, nikamweleza kosa langu lote. Akasema, "Papa, ulikuya kuniita, njo ya maana." Sikustahili upole ule.

Usifikiri umepona kwa sababu orodha yako ni ya Lukafu tu. Kundi AB lina herufi mbili; ukichukua moja unabaki na A. Binamu yetu Kasongo ni AB, lakini kwako anasomeka A. Bernadette ni A, na damu ya AB haimfai. Najua kipimo cha maabara kitamkataa Kasongo kama kilivyowakataa wale watatu. Lakini mtu akiwa mezani anatokwa damu, saa moja ya kumtafuta mwingine ni ndefu mno.

Futa ile ya zamani, uandike hivi:

SUBSTRING_INDEX(SUBSTRING_INDEX(kodi, '/', 2), '/', -1)

Soma kuanzia ndani. Ile 2 inasema: chukua kila kitu kilicho kabla ya kistari cha pili. Unabaki na LUKAFU/AB. Kisha -1 inasema: katika kilichobaki, chukua kilicho baada ya kistari cha mwisho. Unapata AB kamili. Jina la mahali liwe refu au fupi, halisumbui tena.

Barua nampa dereva anayekuja huko kesho alfajiri, maana kwa simu inayokatikakatika alama hizi zingekupotea.

Nisalimie mama, na shemeji yangu mumeo. Kasongo mwambie asikasirike akiachwa, siku ya damu yake ipo. Bernadette mwambie mjomba anamwombea.

Siku hiyo hiyo utakayopata barua hii, kabla hujafunga kituo, badili amri hiyo, toa orodha mpya ya watu wa kundi A, na uwaite watatu waje wapimwe.

Yaya yako, kaka mkubwa,
Gaspard